Wimbledon 1973: wanaume 81 walipogoma

Nikola Pilić alipofariki Septemba 2025 akiwa na miaka 86, wengi walimtaja kama mwalimu aliyemlea Novak Djokovic katika chuo chake cha tenisi karibu na Munich. Anastahili sifa hiyo. Lakini kila mwanamume anayeishi kwa raketi leo ana deni kubwa zaidi kwake, nalo ni la Juni 1973.

Wimbledon, iliyoanza 1877, iliwafungulia mlango wachezaji wa kulipwa mwaka 1968. Fedha zikaingia, ila amri ikabaki kwa vyama vya mataifa na shirikisho la kimataifa. Septemba 1972 wachezaji wakaunda chama chao, ATP. Rais alikuwa Cliff Drysdale wa Afrika Kusini. Mtendaji mkuu alikuwa Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa 1947.

Chama hakijatimiza hata mwaka, likazuka la Pilić. Yugoslavia ilishindwa na New Zealand katika Kombe la Davis mjini Zagreb, naye hakuwepo. Viongozi wa tenisi nchini kwake wakadai aliahidi kucheza. Yeye akasema aliweka sharti: angekuja tu kama hangekuwa na mechi za wawili wawili Montreal. Wakamfungia miezi tisa. Shirikisho la kimataifa likapunguza adhabu hadi mwezi mmoja, lakini mwezi wenyewe ukaangukia Wimbledon. Pilić akaenda Mahakama Kuu ya London, na jaji akakataa kuingilia kati.

Siku chache kabla ya mechi ya kwanza, wajumbe saba wa bodi ya ATP walipiga kura kuhusu kuisusia Wimbledon. Kramer, Arthur Ashe na Jim McManus walitaka mgomo uendelee. Waingereza Mark Cox na John Barrett walitaka usitishwe, na Stan Smith, bingwa mtetezi, akaungana nao. Tatu kwa tatu. Ikabaki kura ya Drysdale, naye akakataa kuegemea upande wowote. Kwa sare hiyo mgomo ukabaki palepale.

Mtu wa kumvulia kofia hapa ni Smith. Alipinga mgomo, akashindwa kupata kura ya nne, kisha akautii na kuliacha taji lake bila kulitetea. Wanaume 81 walijitoa, wakiwamo 13 kati ya 16 waliokuwa wamepangwa nafasi za juu. Magazeti ya London yalimgeuza Kramer kuwa adui wa taifa, na BBC ikamwondoa kwenye kiti cha utangazaji. Wanachama watatu tu walikaidi: Ilie Năstase wa Romania, Roger Taylor wa Uingereza na Ray Keldie wa Australia. Baadaye wakatozwa faini.

Watazamaji hawakususa. Zaidi ya watu 300,000 walipita getini, na wasichana wa shule walimkimbiza kila alikopita kijana Msweden wa miaka 17, Björn Borg, ambaye katika raundi ya kwanza alimtoa Premjit Lall wa India kwa taibreki iliyofika 20-18. Năstase, aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda, alitolewa na Sandy Mayer, mwanafunzi wa Marekani. Taylor alifika nusu fainali akishangiliwa na uwanja mzima, akaangushwa katika seti ya tano, 7-5, na Jan Kodeš wa Chekoslovakia. Fainali Kodeš akamshinda Alex Metreveli wa Umoja wa Kisovyeti 6-1, 9-8, 6-3, akaondoka na pauni 5,000.

Tangu siku hiyo ubingwa wake hutajwa kwa kuguna, kana kwamba aliuokota njiani. Huko ni kumdhulumu. Kodeš alikuwa ameshachukua ubingwa wa Ufaransa mara mbili, 1970 na 1971. Miezi miwili baada ya Wimbledon, wagomaji wakiwa wamerudi, alimtoa Stan Smith mwenyewe kwa seti tano katika nusu fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, kisha John Newcombe akahitaji seti tano nyingine kumzuia.

Baada ya mgomo huo, mamlaka ya vyama juu ya ratiba ya mchezaji hayakurudi tena kama zamani. Mwaka 2022 Wimbledon iliwazuia Warusi na Wabelarusi, ATP ikajibu kwa kunyima mashindano pointi, na Djokovic akatwaa taji bila kuongezewa hata pointi moja. Mwaka 2025 bingwa wa wanaume, Jannik Sinner, alilipwa pauni milioni 3. Aliyetolewa raundi ya kwanza alipata 66,000. Na bado wachezaji wanadai fungu kubwa zaidi.