Farasi aliyetwishwa mzigo kwa kosa la kushinda

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie farasi. Kuna sheria moja ya Waingereza ambayo nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka sana. Farasi akionekana ana mbio kuwazidi wenzake, anaongezewa mzigo. Vipande vya risasi vinapangwa kwenye tandiko lake, huku yule goigoi akikimbia mwepesi. Kwa hesabu zao, wote wanatakiwa wafike pamoja. Mbio hizi huitwa handikapu, na hata Nairobi, pale Ngong, zipo.

Maarufu kuliko zote ni Grand National, inayokimbiwa Aintree, nje kidogo ya Liverpool. Ila haikuanza kama handikapu, na hapo ndipo penye kisa.

Mwanzilishi wake, William Lynn, alikuwa na hoteli mjini Liverpool. Mwaka 1829 alikodi ardhi ya Aintree kwa Lord Sefton, akajenga jukwaa la watazamaji. Mbio za kuruka vikwazo zikafuata mwaka 1836. Mwenye hoteli akiandaa mbio usiulize sana kwa nini, wageni si lazima walale mahali? Mwaka 1838 reli ya London hadi Birmingham ikakamilika, ikaungana na ile ya kwenda kaskazini. Lynn akapata wateja wa mbali.

Tarehe 26 Februari 1839 wakajitokeza farasi 17, kila mmoja na uzito uleule, kama kilo 76. Kapteni Martin Becher alirushwa na farasi wake, Conrad, akatumbukia kijitoni, akajibanza humo huku wenzake wakiruka juu yake. Kijito hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo, na watu hupenda kukisimulia wakicheka. Wachache humkumbuka Dictator, farasi aliyekufa siku hiyohiyo.

Mshindi alikuwa Lottery, akipandwa na Jem Mason. Jina hilo maana yake bahati nasibu, lakini huyu hakuwa wa kubahatisha. Alishinda huku na kule mpaka waandaaji wa mbio nyingine wakafikia kutangaza kwamba farasi wote wanakaribishwa isipokuwa Lottery! Mwaka 1841 Aintree nao wakaweka sharti: aliyeshinda mbio za Cheltenham aongezewe kilo 8 hivi. Aliyeshinda Cheltenham ni nani? Unamjua. Akaingia uwanjani na kilo 84, na hakumaliza.

Mimi naona ile haikuwa sheria, ilikuwa kinyongo. Ukitaka kusawazisha watu, wasawazishe wote.

Mwaka 1843 ndipo walipofanya hivyo. Edward Topham akawa anapima uwezo wa kila farasi na kumpangia uzito wake. Vanguard akashinda, juu yake Tom Olliver, aliyekuwa ameshinda mwaka uliotangulia na farasi mwingine, Gaylad. Wacheza kamari walifaidika pia, maana nani ataweka pesa yake kwenye mbio ambazo mshindi anajulikana tangu asubuhi?

Lakini sasa nguvu zote zikahamia kwa mwenye kalamu. Na wenye farasi nao si wajinga. Ujanja wa kumzuia farasi asishinde mbio ndogo, aonekane hana kitu, apewe uzito mdogo kwenye mbio kubwa, umekuwa ukizisumbua handikapu kila zinapokimbiwa.

Jina la Grand National lilikuja kutulia mwaka 1847. Mwaka 1850 akashinda farasi mmoja mdogo wa umbo, Abd-el-Kader, aliyepewa jina la yule amiri wa Algeria aliyepigana na Wafaransa kwa miaka mingi. Waandaaji wakafanya kawaida yao, mwaka uliofuata wakamwongezea uzito. Akashinda tena.