Mfumo wa Kompyuta Unaobebwa Mfukoni

Vijana wenzangu, wengi wetu hatuna kompyuta, lakini flashi tunazo. Basi historia hii inatuhusu.

Zamani kidogo, mfumo endeshi ulikaa ndani ya mashine. Ukiondoka, unauacha hapo hapo. Mwaka 2000, Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix: Linux nzima inayowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya ndani. Mwaka 2003, Barry Kauler wa Australia akaleta Puppy Linux, ndogo kiasi cha kuenea yote kwenye RAM, na kompyuta kuukuu zikafufuka.

Ila CD ya kawaida ukishaiandika imeandikwa, kazi yako mpya haiingii. Flashi inaandikika tena na tena, kwa hiyo mfumo na mafaili yako vinasafiri pamoja. Mwaka 2009 ikaja Tails, iliyoundwa ili ukizima isiache alama kwenye kompyuta uliyoazima. Mwaka 2013 Edward Snowden aliitumia kuwasiliana na waandishi wa habari.

Sasa sisi je? Kompyuta ya kituo tunaishika wengi, na barua ya kesi yako au maombi ya shule si ya kila jicho. Muombe ruhusa msimamizi, halafu uwashe mfumo wako mwenyewe.

Lakini angalia sana: kuweka mfumo kunafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi. Picha za nyumbani na nakala za vyeti zihamishe kwanza. Hizo hazipakuliwi tena popote.