Kutoka Uani Hadi Ghorofani: Historia ya Kelele za Alfajiri katika Nyumba za Kupanga

Nyumba ya Kiswahili, kama ilivyojengwa Kariakoo na Ilala mjini Dar es Salaam, Ng'ambo ya Unguja na mitaa mingi ya Mombasa, ni nyumba ya chini yenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, baraza mbele na ua nyuma. Uani ndiko kwenye jiko, bafu, choo na bomba au kisima. Kwa kuwa kila chumba hupangishwa peke yake, nyumba ya vyumba sita huweza kukaliwa na familia sita, na wote hupita ukumbi mmoja na kutumia ua mmoja. Nyumba nyingi za aina hii hazina dari. Kuta za vyumba huishia chini ya paa, na juu yake huachwa uwazi ili hewa ipite. Uwazi huohuo hupitisha sauti: mtoto akilia chumba cha mbele, aliyelala chumba cha nyuma humsikia.

Katika nyumba kama hiyo siku ilianza kusikika kabla ya kuonekana. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri ndoo ziligongana bombani, fagio la chelewa lilipita uani, nazi ikakunwa kwenye mbuzi, na kinu kikaanza kulia. Mpika vitumbua aliyeloweka mchele usiku aliutwanga mapema, kwa sababu wateja wake, wakiwamo makuli wa bandarini na vibarua wa viwandani, walitaka kula kabla ya kwenda kazini. Jogoo waliofugwa nyuma ya nyumba waliwika, na adhana ya alfajiri ikaita. Hakuna aliyedhani kwamba mambo hayo yangeweza kufanyika kimya.

Pamoja na hayo, palikuwa na mipaka, ingawa haikuandikwa popote. Mwenye nyumba mara nyingi aliishi humohumo, katika chumba kimoja au viwili, naye ndiye aliyepanga zamu za kufagia na kuteka maji, na ndiye aliyekatisha ugomvi. Palipokuwa na mgonjwa, mzazi aliyejifungua au msiba, kinu kilihamishiwa kwa jirani au kazi ikasubiri jua lichomoze. Aliyekerwa hakuhitaji kuuliza kelele ni ya nani: alimjua mtwangaji kwa jina, alijua ana watoto wangapi, na alijua kwamba jioni watakutana tena uani. Malalamiko yalisemwa ana kwa ana, mara nyingi kupitia mtu mzima aliyeheshimiwa na pande zote mbili.

Zipo kelele za alfajiri ambazo zilikuwa huduma. Kubwa kati ya hizo ni ngoma za daku. Katika miji ya pwani, mwezi wa Ramadhani, vijana hupita mitaani wakipiga ngoma na kuimba ili waliolala waamke kula kabla ya alfajiri kuingia. Ngoma ileile ikipigwa saa kumi usiku katika mwezi mwingine ingeitwa fujo. Desturi hii inaonyesha kwamba hata zamani ukali wa sauti haukuwa kipimo pekee. Watu walipima pia sababu yake, wakati wake na makubaliano yaliyokuwapo.

Serikali za kikoloni hazikuigusa sana alfajiri. Dar es Salaam chini ya Waingereza iligawanywa kwa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na mitaa ya Waafrika iliyoanzia Kariakoo, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuwatenga Waafrika na wengine. Kanuni za mji zilidai kibali kwa anayetaka kupiga ngoma, na lengo lilikuwa kulinda usingizi wa watawala na kudhibiti mikusanyiko. Kishindo cha kinu Kariakoo hakikufika Uzunguni, kwa hiyo wapangaji waliachiwa wenyewe kukitafutia dawa. Baada ya uhuru, Tanzania Bara ilipata ngazi mpya ya usuluhishi. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi, na balozi akawa mtu wa kwanza kupelekewa kesi ndogondogo za mtaa, kelele zikiwa miongoni mwake.

Wakati huohuo nyumba zenyewe zilianza kupanda juu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likajenga nyumba za chini kama zile za Magomeni na baadaye maghorofa. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilipata msaada wa Ujerumani Mashariki na kujenga maghorofa ya Kikwajuni na kisha ya Michenzani, yale majengo marefu yaliyopangwa kando ya barabara mbili zinazokutana katikati ya Ng'ambo. Nyumba za chini zilibomolewa kupisha ujenzi huo, na waliobomolewa walipewa makazi humo. Bara, sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa njia hiyo watu waliotoka mitaa tofauti, wenye kazi na saa tofauti za kuamka, walijikuta wakipanda ngazi moja.

Ghorofa lilibadilisha tabia ya kelele. Kinu kikikaa uani, udongo humeza kishindo. Kikikaa juu ya sakafu ya zege, mtetemo husafiri ndani ya zege na nguzo na kutokea kwenye dari la wa chini na kuta za wa pembeni. Ndivyo ilivyo pia kwa kiti kinachoburutwa, viatu vya visigino na mashine ya kufulia. Mafundi hutofautisha sauti inayosafiri hewani, ambayo ukuta mzito huweza kuizuia, na sauti ya kugonga, ambayo ukuta huohuo huibeba. Tena ngazi nyingi zilizungushiwa matofali ya matundu ili hewa ipite, na mlango ukibamizwa chini husikika hadi juu.

Badiliko la pili halikuhusu zege. Ghorofani, anayesikia kelele mara nyingi hajui inatoka mlango upi. Ua uliowakutanisha majirani kila siku haukupandishwa juu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amezoea nyumba zilizopangana kando ya njia, na mwenye nyumba aliyelala chumba cha pili alikuwa sasa shirika lenye ofisi mjini. Njia ya zamani ya kusuluhisha ilikatika kabla ya njia mpya kuwekwa.

Shida za huduma ziliongeza mzigo. Maji ya mgawo yalipokuja usiku wa manane, wapangaji waliamka kujaza mapipa, na baadaye pampu za umeme zikaanza kunguruma alfajiri kupandisha maji kwenye matangi. Mgawo wa umeme, kama ule mkali wa mwaka 2006, ulileta jenereta kwenye vibaraza na chini ya madirisha. Kariakoo nyumba za Kiswahili zilivunjwa moja baada ya nyingine, na mahali pake pakaota maghorofa yenye maduka chini na makazi juu. Mizigo hushushwa mapema kabla ya msongamano wa magari, naye aliyelala ghorofa ya nne huamshwa na mikokoteni na sauti za wapagazi.

Sheria zilifuata polepole. Mwaka 2008 Tanzania ilitunga sheria ya kumilikisha sehemu za jengo, inayowataka wenye sehemu hizo kuwa na chama cha kusimamia maeneo ya pamoja na kanuni za kuishi. Mwaka 2015 zikatolewa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira. Kenya ilitangulia na kanuni za kelele za mwaka 2009, ambazo zinaweka wazi mpaka wa alfajiri: usiku huisha saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kabla ya hapo, kelele ndani ya makazi hazitakiwi kuzidi desibeli 35, na mchana kikomo ni 45. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi.

Hata hivyo ni wachache wenye kifaa cha kupimia, na ni wachache zaidi wanaopenda kumshitaki jirani. Palipo na utulivu, kwa kawaida wakazi wamejiwekea utaratibu wao: kutwanga hufanyika chini, nje ya jengo; pampu huwekewa mpira chini yake na saa maalumu ya kuwashwa; miguu ya viti huvishwa vitambaa; na aliyekerwa huanza kwa kubisha hodi, kisha humwendea kiongozi wa jengo, na mwisho mwenyekiti wa mtaa.

Machi 2022 yalizinduliwa maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyojengwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapohapo katika nyumba za chini. Safari iliyofanyika Michenzani nusu karne kabla ilirudiwa: watu walewale, ardhi ileile, ila sasa mmoja juu ya mwingine. Historia ya nyumba hizi inathibitisha kwamba zege peke yake halilindi usingizi wa mtu. Ua uliwalazimisha majirani kujuana. Ghorofani kujuana huko hakuji kwenyewe, na kila jengo linalokaliwa na wengi linapaswa kukupanga tangu siku ya kwanza, kama linavyopanga maji na taa.