Babu alikwenda Wenela na mkataba, mjukuu anakwenda Dar bila karatasi

Wadau, leo tuongee historia kidogo, halafu tumalizie jikoni kwetu wenyewe.

Kuna msemo umezoeleka sana mjini: binti wa kazi "ni kama ndugu tu". Ukigusia mkataba unaambiwa hayo ni mambo ya Geneva, yaani ule Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011. Eti kwa mila zetu mtoto wa kijijini analelewa, halipwi. Mimi kwetu ni Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, na kule mabinti bado wanapandishwa basi kwenda kulea watoto wa watu Mbeya na Dar. Hebu tuziulize hizo mila zenyewe.

Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na Monica akatoa kitabu cha Good Company mwaka 1951. Anaeleza jinsi wavulana wa miaka kama kumi walivyotoka nyumbani na kujenga kijiji chao na wa rika lao. Mchana walichunga ng'ombe wa baba, chakula wakala kwa mama. Wakikua, wakamlimia baba mashamba. Bure? Hapana. Baba naye alikuwa na wajibu wa kumtolea kijana ng'ombe wa kuoa. Kwa hiyo kazi ya kijana ilikuwa na malipo, na kila mtu aliyajua.

Na binti je? Yeye alibeba wadogo zake mgongoni, akateka maji, akapika. Ng'ombe wa mahari yake walikwenda kwa baba, na mara nyingi hao hao wakamwozea kaka. Thamani yake ilihesabiwa, ila iliishia mikononi mwa wengine. Tofauti iko wapi na leo, mshahara wa binti unapotumwa moja kwa moja kwa baba yake au kwa yule shangazi aliyemtafutia kazi, naye mwenyewe hajui ni shilingi ngapi?

Twende mbele. Wanaume wa kwetu, Kyela ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe, walitoka kutafuta kazi: kwanza machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. P.H. Gulliver aliandika habari zao mwaka 1957. Waliochukuliwa na Wenela walikuwa na mkataba wa muda maalumu, na sehemu ya mshahara iliwekwa wakailipwa waliporudi. Siwapambi makaburu hapa. Migodi ile iliua watu na kuharibu mapafu, na ubaguzi ulikuwa wa wazi. Lakini angalau babu alijua anakwenda kwa muda gani na kwa kiasi gani. Mjukuu wake wa kike anaondoka kwa maneno ya simu: "Mama ni mtu mzuri, atakupenda."

Tena kazi za ndani enzi za mkoloni zilikuwa hasa za wanaume. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya 1923 ilifanya kutoroka kazi kuwa kosa la jinai. Baadaye wanaume wakahamia kazi nyingine na wasichana wakaingia jikoni, jambo ambalo Janet Bujra alilichambua katika kitabu chake cha mwaka 2000. Kazi ikabadilika jina pia: "boi" akaondoka, akaja "dada". Jina tamu, ila dada wa kweli hafukuzwi kwa kuvunja chupa ya chai.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na yeye: saa 45 kwa wiki, mapumziko ya wiki, likizo ya siku 28. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka kima cha chini cha Sh. 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumba ya kawaida asiyelala kwa mwajiri, na Sh. 60,000 kwa anayelala hapo. Umeiona hiyo? Kitanda na ugali vilishakatwa, Sh. 60,000 nzima. Ukisema "anakula na kulala bure" unamkata mara mbili.

Na kama yuko macho kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kila siku, hiyo ni saa 510 kwa mwezi. Sh. 60,000 gawa kwa 510. Unapata kama Sh. 118 kwa saa, kwa mtu uliyemkabidhi mtoto wako.

Najua utasema mshahara wako nao ni mdogo. Kweli. Mimi mwenyewe ni mwandishi, hilo nalijua vizuri! Lakini siku ya kupumzika haidai nyongeza ya mshahara wako. Kumwandikia karatasi ya makubaliano haidai. Kumkabidhi pesa yake mkononi, aamue mwenyewe cha kutuma nyumbani, haidai. Na viwango vya serikali hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia cha sasa, au waulize CHODAWU, chama kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani.

Kwetu tunasema "ndaga fijo", asante sana. Mwambie kila siku, ni adabu njema. Ila mwisho wa mwezi, mlipe.