Saratani ya Puru Inaporejea: Historia ya Tiba Tangu 1908

Historia ya tiba ya saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa kiasi kikubwa ni historia ya kurejea kwake. Mwaka 1908, daktari mpasuaji wa London, W. Ernest Miles, alieleza kwamba kati ya wagonjwa 57 aliowapasua kupitia msamba, 54 walirudiwa na ugonjwa. Uchunguzi wa maiti ulimwonyesha kuwa saratani ilibaki katika tishu na tezi zilizo juu ya sehemu iliyokatwa. Ndipo akapendekeza upasuaji wa kupitia tumbo na msamba kwa pamoja, uliomwacha mgonjwa na tundu la kudumu la kutolea choo tumboni. Pendekezo hilo lilikuwa kinga. Halikuwatibu waliokwisha kurudiwa.

Jibu kwa hao lilitoka kwingine, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1948, Alexander Brunschwig wa New York alichapisha taarifa ya wagonjwa 22 wenye saratani zilizokomaa, wengi wao za mlango wa kizazi, walioondolewa viungo vya ndani ya nyonga. Watano walikufa kutokana na upasuaji. Hata hivyo njia hiyo haikuachwa: ilirekebishwa, ikatumika pia kwa saratani ya puru iliyorejea, wakati mwingine pamoja na kukata sehemu ya mfupa wa sakramu. Kigezo chake hakijabadilika. Kingo za kilichokatwa zikiwa safi, mgonjwa ana tumaini la kupona. Zikiwa na saratani, mateso ya upasuaji huwa hayana fidia ya kutosha.

Mwaka 1982, R. J. Heald wa Basingstoke na wenzake walionyesha umuhimu wa kuondoa puru pamoja na mafuta yote yanayolizunguka, utando wake ukiwa mzima. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba mionzi kabla ya upasuaji ilipunguza kurejea kwa saratani nyongani kutoka asilimia 27 hadi 11 katika miaka mitano. Mafanikio hayo yalizaa ugumu mpya: anayerudiwa leo mara nyingi amekwisha kupigwa mionzi, na kipimo cha pili hakina budi kuwa kidogo na chenye hadhari.

Katika Afrika Mashariki swali hutangulia hapo. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Nyingine ilizinduliwa 2018. Kwa mgonjwa wa puru aliyepasuliwa katika kipindi hicho bila mionzi, uamuzi kuhusu kurejea kwa saratani ulikuwa umeanza kufanywa kabla hajalazwa.