Pauni 25

Mwaka jana daktari mmoja aliyesoma na dada yangu aliniita tukutane kwenye kibanda cha chai nyuma ya hospitali anayofanyia kazi, hapa Nairobi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, na mkononi alikuwa na fomu ya kurasa 38.

"Wewe si huandika? Nisaidie hii kitu ieleweke. Siku ya mwisho ni Ijumaa."

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Sayansi niliiachia Fomu Four. Lakini kibarua sikatai, na hiki kilikuwa cha kuomba pesa za utafiti.

Swali lake halikuwa gumu. Kwenye wodi ya watoto aliona wengine wanafika na uvimbe ukiwa umeshakua sana, na akashuku kwamba wengi wao wanatoka sehemu zile zile. Alitaka kujua ni wapi hasa, na kabla ya kumfikia yeye huwa wamepitia kwa nani. Fomu nayo ilitaka matokeo yanayotarajiwa, hesabu zilizokaguliwa, barua ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, na taasisi mshirika kutoka ng'ambo.

"Kama ningejua matokeo," akasema, "ningeomba pesa za nini?"

Hilo swali lilinikosesha usingizi. Nikaanza kusoma jinsi watu walivyotafuta pesa za utafiti zamani, na njia ikanipeleka hapa jirani tu, Kampala.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago, Mwairishi mwenye jicho moja. Lingine alilipoteza utotoni. Mwaka wa 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zilikuwa zimevimba kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Jipu halivimbi pande zote nne, na uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akarudi kuchimba mafaili, na mwaka wa 1958 akachapisha alichokiona.

Swali lake lilikuwa kama la daktari wangu: hawa watoto wanatoka wapi?

Akapata pauni 25. Ndiyo, 25. Akachapisha vipeperushi vyenye picha za ugonjwa huo, akavituma kwa posta kwenye hospitali za Afrika akiuliza: mmewahi kuuona? Majibu yalipoingia aliyaweka kwenye ramani, moja moja. Ukatokea mkanda uliokata katikati ya bara, na mkia ukishuka upande wa Msumbiji.

Tarehe 7 Oktoba 1961 akaingia kwenye Ford kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaelekea kusini kuutafuta mwisho wa ule mkia. Walisafiri wiki 10, takriban maili 10,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haba sana ukipita mwinuko wa futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mstari huo ulishuka. Kumbe suala lilikuwa joto na mvua. Ramani ya saratani ilifanana na ramani ya malaria.

Nairobi iko juu ya huo mstari. Mtoto aliyelazwa hapa na ugonjwa huo kwa kawaida alikuwa ameletwa kutoka chini, Pwani au kando ya Ziwa.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, kwenye Hospitali ya Middlesex. Kati ya waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein, aliyeshuku kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafiri kwa ndege kutoka Kampala, na Epstein akapata dola 45,000 kutoka taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani. Mwaka wa 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona kwa darubini ya elektroni, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Sasa linganisha. Pauni 25 ziliuliza swali. Dola 45,000 zilitafuta jibu, na darubini ilikuwa London. Ugonjwa ukapewa jina la Burkitt, virusi vikapewa majina ya Epstein na Barr. Watoto walitoka kwetu.

Nilitaka kumwambia daktari kwamba zamani ilikuwa afadhali. Lakini hapana. Burkitt alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, na barua yake ilifungua milango ambayo muuguzi Mganda asingefunguliwa. Tena mwaka ule ule wa 1964, madaktari wa dunia walipitisha Azimio la Helsinki kuhusu utafiti unaofanyiwa binadamu, kwa sababu watu walikuwa wameumizwa kwa jina la sayansi. Barua ya kamati ya maadili ilizaliwa na historia hiyo. Inamlinda mtoto. Mimi siwezi kuitoa hata ningepewa kalamu.

Kurasa zinazoniudhi ni zile nyingine, zinazolinda pesa. Na pesa zenyewe, mbona tuzifuate ng'ambo? Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Bado tunangoja. Ndiyo maana daktari wa Nairobi anaomba mshirika wa mbali amdhamini aulize kuhusu wodi yake mwenyewe.

Tuliituma Ijumaa, saa tano na dakika arobaini usiku. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: matokeo yanayotarajiwa hayako wazi.

Alinipigia. Nikadhani atalia, lakini alikuwa anacheka kile kicheko cha uchovu.

"Zile pauni zako 25 leo hazinifikishi hata Kilifi na kurudi," akasema. "Lakini kamati ya hospitali imeniruhusu kusoma mafaili. Kusoma ni bure."

Alikuwa amenilipa shilingi 4,000 kwa M-Pesa. Kwa sehemu ya hizo nikamnunulia ramani kubwa ya Kenya na pakiti mbili za pini. Majina ya watoto siyajui, na sipaswi kuyajua. Kila Jumapili anapiga pini mwenyewe, kisha ananitumia idadi tu. Wiki iliyopita alifika 61, na akaniomba pakiti ya tatu.