x ilifika Kamina kwa njia gani?



Leo sitasema juu ya mbegu. Nitasema juu ya herufi moja yenye imekimbiza wengi wetu: x. Hapa Kamina tunasikiaka kila mwaka mtoto akisema: "Miye hesabu hapana, ile ni mambo ya bazungu." Na mimi nilisemaka vile vile, mpaka siku hesabu ilinidai deni.

Nilikuwa mwanafunzi wa agronomia. Mama mudogo akaniomba nimpimie mbolea ya shamba lake la mahindi, hektari moja. Karatasi ilisema shamba linahitaji kilo 69 za azoti. Nikapima kilo 69 za urea. Lakini urea ina azoti asilimia 46 tu. Kumbe nilitia karibu kilo 32, chini ya nusu! Majani ya chini yakageuka manjano, na mama mudogo hakusema kitu, aliniangalia tu. Mlinganyo, ile tunaitaka ekwasyo, ulikuwa wa mstari mmoja: 0,46x = 69, basi x = 150. Mifuko mitatu ya kilo 50. Nilikuwa nimefanya ekwasyo tangu sekondari, lakini nilizijua sawa mtu anaimba wimbo wa lugha asiyoielewa.

Njo nikaanza kuuliza: hii x ilitoka wapi?

Kwanza, haikutoka Ulaya. Karibu mwaka wa 820, kule Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya al-jabr, na jina la aljebra linatoka mule. Hakukiandika kwa kusumbua wanafunzi. Yeye mwenyewe alisema ni kwa mambo ya watu: kugawa urithi, biashara, kupima mashamba, kuchimba mifereji. Hakutumia x hata moja. Aliandika yote kwa maneno. Kile kisichojulikana, wanahesabu wa Kiarabu walikiita "shay", maana yake kitu. Na neno al-jabr lilitumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika: ukitoa kitu upande mmoja, unakirudisha upande wa pili ili mlinganyo usimame. Alama ya = ilikuja kwa Robert Recorde, Uingereza, mwaka wa 1557. Na x, y, z kwa vitu visivyojulikana tulizipata kwa René Descartes, mwaka wa 1637. Kwa hiyo mzungu pia alisoma kwa wengine. Hakuzaliwa na x mkononi.

Na sisi? Mwaka wa 1950, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa Ubelgiji, alichimbua mfupa kule Ishango, kando ya Ziwa Edward, mu Kongo yetu. Una umri wa miaka karibu 20.000. Umechorwa mikato katika safu tatu. Safu moja ina vikundi vya 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Wataalamu wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine ni kalenda ya mwezi. Lakini aliyechora alikuwa anapanga vikundi, hakuchora ovyo. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Hapa kwetu Buluba, wakubwa wa Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wa shanga na simbi. Shanga moja inaweza kusimama kwa mfalme, kwa mahali ao kwa safari. Mwenye kufundishwa anagusa na kusoma historia yote. Sisemi lukasa ni aljebra. Ninasema ile wazo la kuweka alama kidogo pahali pa kitu kikubwa, babu zetu hawakuiogopa. Na x ni nini, kama si shanga?

Basi woga ulitoka wapi? Ninafikiri ulitoka kwa mlango wenye ulifungwa. Reli ilipita hapa Kamina kufika Ilebo mwaka wa 1928, na ile ya Kabalo ikaunganishwa mwaka wa 1956. Lakini masomo ya juu hayakwenda na mbio ya treni. Lovanium ilifunguliwa 1954, na ile ya Élisabethville 1956. Tulipopata uhuru mwaka wa 1960, Wakongomani wenye diploma ya université walikuwa wachache sana. Kitu usichofundishwa, unaishia kusema si chako.

Halafu zikakuja seti. Mjerumani Georg Cantor alianza kuzifungua mwaka wa 1874. Kisha Warusi walipotuma Sputnik mwaka wa 1957, nchi za Magharibi zilishtuka na kutaka kubadilisha hesabu za shule. Kule Brussels, Georges Papy akatoa mwaka wa 1963 kitabu chenye rangi na mishale, na seti zikawa mwanzo wa yote. Entebbe nako, kuanzia 1962, walimu wa Afrika walikutana na Wamarekani na Waingereza kuandika vitabu vya namna hiyo. Sisi tulikuwa tumerithi programu za Wabeleji, na mimi kaye yangu ya kwanza ya sekondari ilianza na seti. Nilikopi alama zote. Hakuna aliyeniambia ni za kazi gani.

Kazi yake ni hii. Tuseme kijiji kina nyumba 40. Nyumba 25 zinalima mahindi, 22 zinalima mihogo. Mtu wa mradi anajumlisha: 47. Nyumba 7 za mizimu! Na mbegu za nyumba 7 zitapotea njiani, ao mu mfuko wa mtu. Mwenye kujua seti anauliza kwanza: ngapi zinalima vyote viwili? Kama ni 12, basi 25 + 22 – 12 = 35, na nyumba 5 hazilimi kimoja wala kingine. Labda zile 5 njo zenye njaa. Zile 47 zilikuwa zimezifunika.

Wenzangu, wengi wetu tunapataka mukate kwa kufundisha batoto jioni. Siku mukiandika x kwa ubao, musianze na kanuni. Muanze na mbolea, na meka ya unga, na urithi wa shamba, sawa vile al-Khwarizmi alifanya. Mwaka uliofuata nilirudi kwa mama mudogo na mifuko mitatu. Aliniuliza: "Safari hii umehesabu?" Nikamuonyesha kartasi. Hakujua kusoma x, lakini nilipomwambia ni "kitu chenye tunatafuta," akasema: "Aa, kumbe ni ile tu."

Ndiyo. Ni ile tu.